Kubadili Tajiri

Lori linaloondoka Mombasa jua likizama, iwapo halikukawizwa kwenye mizani ya Mariakani, huwa limefika Maungu kabla ya saa tano za usiku. Hapo barabara kuu ya kwenda Nairobi hupita katikati ya vibanda vya chai, maduka ya matairi na malori yaliyoegeshwa pande zote mbili. Kusini umesimama mlima Kasigau, ambao usiku hauonekani. Lakini mzaliwa wa huko anajua ulipo, kama mtu ajuavyo mlango wa nyumba yake gizani.

Dereva anayezungumziwa hapa ni mzaliwa wa Marungu. Nyumba yake iko mwendo wa dakika ishirini kwa miguu kutoka kwenye lami, na mlangoni pana taa ndogo inayotumia nguvu za jua. Kila safari ya Kampala humpitisha karibu na taa hiyo mara mbili, kwenda na kurudi. Kwa miaka sita sasa hajasimama hapo hata mara moja akiwa na gari la kampuni. Hupunguza mwendo kwenye matuta, akapiga honi mbili fupi, akaenda zake. Nyumbani honi hizo zimekuwa lugha. Kitindamimba wake, alipokuwa na umri wa miaka minne, alikuwa na swali moja aliloliuliza kila aliposikia mlio huo: "Mama, baba anakuja au anapita?" Mama alijibu "anapita" mara nyingi mno, hata mtoto akaacha kuinuka kitandani.

Sababu ya kutosimama si siri. Ndani ya kila gari la kampuni mna kifaa kidogo kinachopeleka habari kwenye ofisi iliyoko Mombasa: gari liko wapi, linakwenda kwa kasi gani, injini imezimwa saa ngapi, na tangi lina lita ngapi za dizeli. Mahali pa kusimama pameorodheshwa, na Maungu haimo katika orodha. Hoja ya ofisi si ya kipumbavu. Kutoka Mombasa hadi hapo ni takriban kilomita 130 tu, dereva hajachoka kiasi cha kudai mapumziko. Tena inajulikana kotekote kwamba penye malori mengi usiku hapakosi mtu mwenye mpira na mtungi wa kunyonyea mafuta. Mwenye mali ana haki ya kuilinda mali yake. Linalouma ni kwamba kanuni hiyo haikubakisha nafasi ya mtu ambaye hapo ndipo kwao.

Madereva wa masafa marefu hawasemi "mwajiri" isipokuwa wanapokuwa mbele ya hakimu au kwenye mkutano wa chama. Neno lao ni "tajiri". Asili yake katika Kiarabu ni mfanyabiashara, na Kiswahili nacho kilipata kulitumia kwa maana hiyo kabla ya kulielekeza kwa yeyote aliyejaliwa mali nyingi. Kwa dereva na utingo wake, tajiri ni mwenye gari, hata akiwa na deni la benki lililo refu kuliko trela lenyewe. Kwa hiyo dereva haachi kazi akatafuta nyingine, anabadili tajiri. Usemi huo unabeba dhana kwamba kazi yenyewe haibadiliki, kwamba usukani ni ule ule na barabara ni ile ile, na kinachobadilika ni uso wa anayelipa. Dereva huyu amekuwa na matajiri watatu, na wa tatu hana uso.

Wa kwanza alimwajiri mwaka 2003, baada ya miaka mitatu ya utingo. Utingo ndio uliokuwa chuo chake: kulala chini ya trela, kupika kwa jiko la makaa kando ya gurudumu, kufunga turubai katika baridi ya Timboroa, na kuonjeshwa usukani ndani ya yadi dereva mkuu akiwa amekwenda kuoga. Tajiri huyo alikuwa na malori matatu na sebule yenye viti vya kutosha. Aliyefiwa alikwenda kuketi humo, akaeleza shida yake, akapewa chai na nauli. Hata hivyo haifai kumpamba kupita kiasi. Mishahara yake ilichelewa hata miezi miwili, mkataba haukuwapo, michango ya NSSF haikupelekwa. Na alipouza malori yake mwaka 2009, madereva waliondoka na shukrani za mdomo.

Wa pili alikuwa kampuni yenye meneja, mshahara wa mwezi na likizo ya mwaka. Hapo dereva alitulia, akaezeka nyumba kwa mabati, akadhani safari ya kutafuta tajiri imekwisha. Kilichomtoa ni reli. Treni za mizigo za reli mpya zilianza kazi Januari 2018. Reli yenyewe inapita huko huko Marungu, ina kituo Miasenyi, na mlio wake husikika nyumbani kwa kaka yake. Agosti 2019 Mamlaka ya Bandari na Mamlaka ya Ushuru zikaagiza kwamba makontena yote ya Nairobi na bara yapande treni. Mombasa iliandamana. Novemba 2020 Mahakama Kuu iliamua kuwa agizo lile lilikiuka katiba, na Septemba 2022 serikali mpya ikawarudishia wenye mizigo hiari ya kuchagua. Lakini hukumu ya mahakama na tumbo la mtoto havisubiriani. Tajiri wa pili aliegesha nusu ya malori yake mwaka huo huo wa 2019, na Desemba ilipofika dereva alikuwa mmoja wa wengi waliosimama kwenye malango ya watu na leseni mkononi.

Ndivyo alivyompata tajiri wa tatu. Alitia sahihi mkataba wa kurasa nne za Kiingereza juu ya boneti ya gari, mwenzake akiingojea kalamu. Hakuna aliyemlazimisha, soko la kazi ndilo lililomshika mkono. Mshahara wa msingi ulikuwa mdogo. Kinacholisha nyumba ni fedha za safari, ambazo wenyewe huziita maileji, nazo huhesabiwa kwa umbali, si kwa siku.

Hapo ndipo penye shina la manung'uniko yake yote. Kutoka Mombasa hadi Malaba ni zaidi ya kilomita 900, na mtu wa nje hudhani kwamba kazi ya dereva ni kuzimaliza kilomita hizo. Kumbe sehemu kubwa ya kazi ni kungoja. Hungoja kontena bandarini, hungoja zamu ya mizani, hungoja hati za forodha zikamilike, hungoja mteja wa Kampala apate watu wa kupakua, halafu hungoja kontena tupu apewe mahali pa kulirudisha. Magurudumu yasipozunguka, maileji haiongezeki. Ilhali yeye yumo garini, anawajibika kwa lakiri ya mlango, kwa matairi, kwa betri na kwa kila lita iliyo tangini. Analinda mali ya mamilioni usiku kucha na kitabuni anaandikwa kwamba hakufanya lolote.

Mwaka 2020 aliionja hali hiyo hadi mwisho wake. Ugonjwa wa korona ulipoingia, Uganda na Kenya zilianza kuwapima madereva mpakani, na foleni ya Malaba ikawa ya makumi ya kilomita. Alikaa siku kumi na moja akisogeza gari hatua kwa hatua, akioga kwa maji ya chupa, akinunua chakula kwa bei iliyopanda kila asubuhi. Vijiji vilivyozoea kuwauzia chai viliwaogopa, na aliporudi Marungu jirani mmoja alimsalimu kutoka ng'ambo ya ua. Januari 2022 mambo yakajirudia, safari hiyo kwa mzozo wa kipimo na ada yake. Kwenye vumbi la trela lililokuwa mbele yake mtu alikuwa ameandika kwa kidole: "Subira huvuta foleni." Alicheka peke yake kabini. Mwezi ule alipata maileji ya safari moja badala ya tatu, na ofisi ikamwuliza kwa nini dizeli ya kuendeshea injini foleni imezidi kiwango.

Sheria ya Trafiki ya Kenya inamkataza dereva wa gari la biashara kuendesha kwa zaidi ya saa nane kwa jumla katika muda wa saa 24. Kifaa kilichomo garini kinajua kuhesabu saa hizo barabara. Ajabu ni kwamba katika miaka sita hajawahi kuandikiwa barua kwa kuendesha mno. Barua zote huwa za kusimama.

Kuhusu dizeli pana jambo ambalo hakumwambia mkewe hadi juzi. Mwaka 2011, akiwa na tajiri wa pili, aliuza lita 40 za mafuta ya gari. Mkewe alikuwa amejifungua mtoto wa pili, na siku hizo kujifungua katika hospitali za umma kulikuwa bado kunalipiwa. Serikali iliondoa malipo hayo mwaka 2013. Fedha zilitimia, mama na mtoto wakaruhusiwa kutoka, na hakuna aliyejua. Hakurudia tena. Lakini miaka mingi baadaye, tajiri wa tatu alipomkata fedha kwa lita 60 ambazo hakuzigusa, alisimama mbele ya dawati akataka kuapa, ulimi ukawa mzito. Karani aliutazama ukimya ule akauandika kuwa ungamo. Pengine ndiyo hasara kubwa ya kushukiwa kila siku, kwamba mwenye kosa moja la zamani hupoteza nguvu ya kujitetea kwa yale asiyoyatenda, na asiye na kosa kabisa huanza kujiuliza unyoofu wake unamfaa nini.

Usiku mmoja wa Machi 2025, alipokuwa akipita Mackinnon Road, kaka yake alimpigia simu. Mama yao alikuwa amezidiwa na ugonjwa wa sukari, amekimbizwa hospitalini Voi. Dereva aliipigia ofisi simu akaomba ruhusa ya kusimama. Akaambiwa angoje apigiwe. Alipita Maungu bila kupigiwa. Akapiga tena, simu ikaita hadi ikakatika. Alipofika Voi aliegesha gari kando ya barabara penye mwanga, akamwachia utingo ufunguo wa mlango, akapanda bodaboda. Mama yake alikuwa amefumbua macho, mshipa wa mkono umetundikiwa maji. Alimtazama mwanawe kwa muda, na neno lake la kwanza likawa: "Mwanangu, gari umeliacha na nani?"

Alitumia dakika hamsini na mbili. Anazijua kwa usahihi kwa sababu ziliandikwa kwenye barua ya onyo aliyopewa wiki iliyofuata, pamoja na jina la mahali, saa ya kuzima injini na saa ya kuiwasha. Shehena haikuguswa wala dizeli haikupungua. Nusu ya maileji ya safari ile ilikatwa. Katika barua nzima hapakuwa na neno "mama", ingawa alikuwa ameeleza kwa mdomo na kwa maandishi. Tajiri wa kwanza, pamoja na ubakhili wake wote, angaliuliza mgonjwa anaendeleaje.

Tangu siku hiyo wazo la kubadili tajiri lilimfuata kama vumbi la nyuma ya trela. Lilipata umbo kwenye foleni ya mizani ya Mariakani, mwenzake wa miaka mingi alipomweleza habari za kampuni nyingine inayopeleka mizigo Moshi na Arusha kupitia Voi, Mwatate na Taveta. Kipande cha Mwatate hadi Taveta, kilichokuwa vumbi tupu enzi za utingo wake, sasa ni lami, na mpakani kuna kituo cha pamoja cha forodha cha Taveta na Holili. Njia ni fupi na mshahara ni wa mwezi, gari likitembea lisitembee. Dereva hulala kwake angalau mara moja kwa wiki.

"Na kifaa?" aliuliza.

"Kifaa kipo, kaka. Siku hizi kipo kila mahali," mwenzake alikiri. "Lakini huku ukipiga simu, mtu huishika."

Ubora wote uliotajwa uliishia hapo, naye akashangaa jinsi ulivyomtosha.

Mkewe hakushangilia alivyotarajia. Alichukua daftari la hesabu la kitindamimba, akapiga mstari katikati ya ukurasa, akaandika upande mmoja mapato ya sasa katika mwezi mwema na upande wa pili mshahara wa Taveta. Upande wa pili ulipungukiwa. Binti yao wa kwanza yumo chuo kikuu hapo Voi, wa pili yumo sekondari, na ukame wa Marungu haumhakikishii mtu mahindi. Yakimea, ndovu wa Tsavo huyafikia kabla ya mwenyewe. Akaandika tena upande wa kwanza, safari hii mwezi mbaya, mwezi wa foleni na makato. Pande hizo mbili zikakaribiana. Alifunga daftari.

"Baba Watoto," alisema, "mbuzi wawili wataziba pengo hadi Krismasi. Mimi sikuolewa na honi."

Ndipo dereva alipomweleza habari za lita 40. Alikuwa na hofu kwamba kampuni mpya itapiga simu kwa ile ya zamani, na kwamba mtu anayetafutwa doa hakosi kuonekana nalo. Mkewe alinyamaza kitambo, akasema kwamba yule mtoto wa lita 40 ndiye anayeongoza darasa. Halafu akaenda kuinjika chai.

Kuhusu karatasi, aliyesaidia ni binti wa chuo. Alikaa na ule mkataba wa kurasa nne jioni mbili, Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 ikiwa kwenye simu yake, akimtafsiria baba yake kifungu baada ya kifungu. Dereva aligundua kwamba anayelipwa kwa mwezi hutoa au hupewa ilani ya siku 28. Kwamba kila siku saba anastahili siku moja ya kupumzika. Kwamba mwajiri anapaswa kumpa cheti cha huduma anayeondoka baada ya kutumikia wiki nne au zaidi. Walikwama kwenye kifungu cha 19, kinachoruhusu mshahara ukatwe kwa kiasi cha haki pale mali ya mwajiri inapoharibika au kupotea kwa kosa la mfanyakazi. Kosa hilo lina sifa yake kwa Kiingereza. Binti alilitafsiri kwanza kuwa "uzembe", akalifuta. Akaandika "ukaidi", akalifuta pia. Hatimaye akaandika "kosa la makusudi". Baba yake aliusoma mstari huo mara tatu.

"Kwa hiyo," alisema, "foleni ya Malaba si makusudi yangu."

"Si makusudi yako, baba."

Kwa mtu aliyekatwa fedha kwa miaka sita, neno moja kutafsiriwa sawasawa ni jambo zito. Je, ni madereva wangapi waliotia sahihi juu ya boneti maneno ambayo hakuna aliyewasomea?

Binti aliandika ilani kwa Kiswahili. Dereva alikuwa na wasiwasi, kwa kuwa ofisi haijawahi kumwandikia ila kwa Kiingereza, lakini binti alimkumbusha kwamba kifungu cha 7 cha Katiba ya 2010 kinazitambua lugha hizo mbili kuwa rasmi. Barua ilikuwa na anwani mbili, tarehe, na mada iliyopigiwa mstari: MINT: ILANI YA KUACHA KAZI. Ilitaja siku 28, ikaomba cheti cha huduma, na ikaomba maelezo ya maandishi kuhusu makato yote ya mwaka uliotangulia. Dereva alitaka iongezwe sentensi moja kuhusu mama yake na usiku wa Voi. Binti aliiandika, baba akaisoma, akaomba iondolewe.

Aliipeleka mwenyewe Mombasa, siku ya Jumatatu. Karani alianza kuisoma kwa sauti ya chini, akakwama kwenye "mint", akainua macho.

"Hii ni nini?"

"Mintarafu," dereva alijibu. "Maana yake kuhusu."

Karani aligonga muhuri kwenye nakala zote mbili, akamrudishia moja. Kuhusu cheti alisema kitatolewa siku ya mwisho. Kuhusu makato alisema swali litapelekwa juu. Halafu, kwa sauti ile ile, akamsukumia ufunguo wa gari na bahasha ya hati, kwa kuwa kontena la Kampala lilikuwa tayari limepakiwa na siku 28 ni siku za kazi kama nyingine. Dereva aliuliza kama safari hiyo angeweza kupewa nusu saa ya kusimama Maungu. Akaambiwa aandike maombi.

Mizani ya Mariakani haikuwa na foleni. Alipofika Maungu ilikuwa saa nne na dakika arobaini. Alipunguza mwendo kwenye matuta, akapiga honi mbili, akapita.